Mtulizi Haulizi

Spika ya kilio ilifika kabla ya sanda. Ndivyo ilivyokuwa Bungwi siku hizo. Mtu akifa, wafiwa walimpigia simu mkodishaji wa vyombo vya shughuli, wakaagiza turubai, mikeka, masufuria na spika, na spika ililetwa ikiwa na vilio vyake ndani: kilio cha kufiwa na mzee, cha kufiwa na mume, cha kufiwa na mtoto. Watu wa Bungwi hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wametulizwa tu, na mtu aliyetulizwa hata kitunguu hakimtoi chozi. Basi Bibi Thuwaiba wa Nyumba ya Ghorofa, Mtaa wa Juu, alipofariki, alililiwa na spika mpaka siku ya kuanua matanga, na binadamu walikaa mkekani wakaongea habari za kukatika umeme.

Uani, wanawake wa Mtaa wa Chini walikuwa wakipika pilau. Hakuna aliyewaita. Nyumba ya Ghorofa ikiwa na harusi walipika, ikiwa na msiba walipika, na wenye nyumba hawakukumbuka kwenda hata siku moja Mtaa wa Chini kumpikia mtu. Kila mmoja alipofika kwenye kona ya nyumba ile alivua kandambili zake, akaziacha ukutani chini ya dirisha ambalo halikufunguliwa kamwe, akaingia pekupeku. Wengine walisema pale amezikwa walii. Wengine walisema ni adabu tu. Baraza la Mji lilikwisha kubandika kibao cha shaba, KONA YA UNYENYEKEVU, na wageni walikuja kuupiga picha ule mlundo wa kandambili. Kwamba mlundo wenyewe haukuwahi kuwa na kiatu hata kimoja cha mtu wa Mtaa wa Juu, hilo kibao hakikulisema.

Sikudhani Feruzi alipakua pilau kwenye masinia, masinia yakabebwa mbele. Yalipokwisha, alikwangua sufuria na kuwagawia wenzake ukoko. Binti yake Mashavu, msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye maswali mengi kuliko subira ya mama yake, aliushika ukoko wake akautazama.

"Mama, nyama imekwenda wapi?"

"Imekwenda mbele."

"Yote?"

"Wewe nawe! Sisi tunapenda ukoko. Kula."

"Mimi siupendi."

"Utaupenda," alisema Sikudhani, kwa sauti ileile ambayo angeitumia kusema kwamba kesho ni Alhamisi.

Wakati huo mlango wa nyuma ulifunguliwa. Alitokea Raya, binti wa marehemu, mwalimu mkuu wa shule ya Bungwi, mikononi ameshika sinia la pilau lililojaa nyama juu. Hakuwahi kuja uani wakati wa shughuli. Alisimama kizingitini, na hakuwatazama nyuso. Aliitazama miguu, ile safu ya miguu mitupu iliyonyooshwa kwenye sakafu ya uani, midomo yake ikaanza kucheza. Kisha akalia.

Alilia kweli. Kamasi zilimtoka, mabega yakaruka, sinia likamponyoka na pilau likamwagika. Wanawake walimkodolea macho kama wanavyomtazama mtu aliyetokwa damu ya pua.

"Anaumwa?" mmoja aliuliza.

Hakuna aliyenyanyuka ila Mashavu, ambaye alikuwa bado hajatulizwa. Alimwendea mwalimu wake, akamshika kanga, na yeye pia akaanza kulia bila kujua analilia nini. Sikudhani alitazama tu. Kwa kuwa kuwatuliza watu ndiyo ilikuwa kazi yake, alijua mara moja kilichotokea: Tulizo ya Mwalimu Raya ilikuwa imekwisha mwilini.

*

Kisa cha Tulizo ni hiki. Kabla Sikudhani hajazaliwa kulikuwa na mwaka ambao pwani nzima iliuita Mwaka wa Majina. Kilitokea kifaa cha kusomea damu, kidogo kama kiberiti, kikauzwa madukani pamoja na sabuni na vocha. Unatia tone moja, kinakusomea ukoo wako hadi vizazi kumi nyuma: nani alikamatwa bara akafungwa mnyororo, nani aliuzwa, nani alinunua, na nani, Mungu atuhifadhi, alimuuza ndugu yake. Watu walikinunua kwa kicheko. Hata msimu wa mvua haujapita, maharusi walikuwa wamerudishwa kwao, safu za msikitini zimegawanyika, na Bungwi peke yake zilichomwa nyumba nyingi kuliko zilizobaki. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walichinjana.

Ndipo yakaja Mapatano ya Pwani. Asishinde mtu, asishindwe mtu, wote wasahau. Wataalamu walikwisha kugundua kwamba ubongo hufunga mafundo: jina moja, uchungu mmoja, vikafungwa pamoja. Tulizo ni maji yenye chembe ndogo kuliko chavua, yanayochomwa kwenye kisogo mtoto afikapo umri wa miaka kumi na mmoja. Chembe zinakwenda zikayalegeze mafundo yote yenye habari za ukoo na utumwa. Ukishachomwa, ukiambiwa habari hizo zinakupita. Ukiandikiwa, macho yanateleza juu ya maandishi. Baada ya miaka saba unaongezwa. Pamoja na fundo hilo hulegea na mengine, furaha kidogo, hasira kidogo, machozi karibu yote, lakini nani angelalamika? Nyumba hazikuchomwa tena. Hakuna aliyeomba radhi, maana hapakuwa tena na mtu aliyejua aombe radhi kwa lipi.

Waliokuwa na ugonjwa wa moyo hawakuchomwa, kwa kuwa dawa ingewaua. Hao waliapishwa wafunge midomo. Bibi Thuwaiba alikuwa wa mwisho wao.

*

Kesho yake asubuhi Raya alibisha hodi Kituo cha Tulizo.

"Karibu, Bi Raya. Pole na msiba," alisema Sikudhani.

"Sijapoa, Siku. Ndiyo maana nimekuja."

Umri wao ulikuwa mmoja. Walisoma darasa moja, walicheza kibe pamoja, na mmoja alimwita mwenzake Bi Raya, na mwenzake alimwita Siku. Hakuna aliyewahi kukaa akauona mpango huo kuwa wa ajabu.

Sikudhani alimlaza kitandani, akamvika kofia ya nyaya, akawasha kioo. Kwenye kioo ubongo wa Raya ulionekana kama bustani ya usiku, na mafundo yake yaliwaka kwa rangi zao. Yaliyotulizwa huwa ya kijivu. Ya Raya yalikuwa mekundu.

"Ulitakiwa uongezwe mwaka juzi."

"Mama alikuwa mgonjwa. Nani angemgeuza kitandani? Nilisema nitakuja wiki ijayo, nitakuja wiki ijayo." Raya alifumba macho. "Usiku wa mwisho alinishika mkono. Alisema hawezi kwenda nalo kaburini, kaburi litamkataa. Akaniambia. Nichome, Siku. Nichome maradufu, kama mnavyochomwa nyinyi watulizi."

Sikudhani alifungua kabati kuchukua chupa. Nyuma yake Raya alisema kwa sauti ya kukwama:

"Umevua viatu."

Sikudhani alitazama chini. Viatu vyake vya kazi, vile vyeupe vya kufunika vidole, vilikuwa mlangoni, vimepangwa pamoja, visigino ukutani. Hakukumbuka kuvivua. Alikuwa amevivaa Raya alipobisha hodi, hilo alilijua.

"Sakafu ina joto," alisema.

"Vivae, nakuomba."

Alivivaa. Raya aligeuza uso, na kwenye kioo fundo moja lilivimba likawa jekundu kama kaa. Sikudhani alilitazama mahali lilipokaa, akasogeza kiti karibu. Alikuwa akilijua fundo lililokaa mahali hapohapo. Kila mtu wa Mtaa wa Chini aliyemlaza kwenye kitanda kile alikuwa nalo, hata baada ya kuchomwa, hata baada ya kuongezwa: fundo gumu la kijivu kwenye sehemu ya ubongo inayosikia nyayo za miguu. Kitabu cha kazi kilisema mtulizi asilijali. Lake mwenyewe alikwisha kuliona. Mtu wa Mtaa wa Juu mwenye fundo hapo hakuwahi kumwona.

Ukutani, juu ya kioo, kulikuwa na maandishi makubwa: MTULIZI HAULIZI.

"Bi Raya," alisema Sikudhani, "ni kitu gani hicho?"

Raya alifumbua macho. "Nikikwambia utasikia?"

"Jaribu."

Raya alisema. Midomo yake ilikwenda, mikono yake ikachora kitu hewani, akaonyesha viatu, akaonyesha dirisha. Sikudhani alisikia sauti kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili. Alijikuta anafikiri kwamba chumvi imekwisha nyumbani.

"Sema tena."

Raya alisema tena, polepole, kama anavyowasomea imla watoto wa darasa la kwanza. Chumvi imekwisha, na mafuta ya taa ya kuwashia jiko nayo yako chini.

"Unaona?" Raya alikuwa ameanza kulia tena. "Ni lako, Siku, ni lenu, na hamuwezi hata kulishika. Nimebaki nalo mimi, nisiyestahili. Nikila linanikaa hapa. Jana nimeiona ile miguu yenu pale uani nikatamani nife. Wewe ni shoga yangu. Niondolee."

Sikudhani alishika chupa mkononi. Sheria ilikuwa wazi, na mgonjwa alikuwa akiteseka. Akimchoma, mwenzake atapumzika, na jambo lile, lolote lililo, litakuwa halijulikani na kiumbe yeyote aliye hai. Hakuhisi hasira. Alihisi kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, ulimi unakwenda wenyewe kwenye pengo, unagusa, hauumi, na bado hauachi kugusa.

"Mtambo haujapata moto," alisema. "Rudi baada ya Alasiri."

Mtambo ulikuwa na moto tangu alfajiri.

*

Mchana alikwenda nyumbani akapika wali na mchicha. Baba yake Mashavu alikuwa bara kwenye mitambo ya upepo, kwa hiyo walikula wawili. Mashavu alikuwa ameacha kandambili zake mlangoni, na Sikudhani alizitazama kwa muda. Hakuwahi kumfundisha mtoto yule kuvua viatu kwenye kona. Hakuna mama aliyewahi kumfundisha mtoto. Mtoto anashika kanga ya mama yake, anaona mama ameinama, na yeye anainama. Basi. Jumamosi inayokuja angetulizwa, na baada ya miaka angeinama yeye, na nyuma yake angeinama mwanawe. Na ukoko wangeupenda.

"Mashavu, mwalimu wako ana jambo."

"Lile la kumliza?"

"Hilo. Anataka nimwondolee leo. Nikiliondoa, limekwisha. Mimi siwezi kulishika, nimejaribu, mimi ni pakacha. Wewe hujachomwa, wewe unaweza."

Mashavu aliacha kula. "Ni jambo baya?"

"Limemtoa kamasi mwalimu mkuu mbele ya watu."

"Linatuhusu?"

"Anasema ni letu."

Sikudhani alitafuta maneno ya kumtahadharisha mtoto, akajua kwamba hana uzoefu nayo. Angesemaje uchungu ulivyo, yeye ambaye uchungu wa mwisho kuusikia ulikuwa kabla hajavunja ungo? Na zile nyumba zilizochomwa, hilo nalo lilikuwa kweli. Amani ya Bungwi haikuwa mchezo, na hapa anataka kumtwisha mtoto kaa la moto ambalo mji mzima ulikubaliana kulizima. Akilibeba atalibeba peke yake. Hatakuwa na mwenzake wa kumwambia, wala mama yake hatamwelewa. Mama gani anafanya hivyo?

"Ukitaka, utaambiwa," alisema mwishowe, "na Jumamosi nitakuchoma maji ya chumvi, mtu asijue. Wakijua watanifunga. Usipotaka, utachomwa dawa kama wenzako, na hutaumwa na kitu maisha yako yote."

"Kama wewe?"

"Kama mimi."

Mashavu alichezea wali kwa kidole. "Bibi aliyekuzaa alipokufa hukulia, Mama. Nilikutazama usiku kucha nikidhani utalia. Ulilala ukakoroma."

"Najua."

"Ulimpenda?"

Swali hilo Sikudhani hakulitarajia. Alilitafutia jibu kwa bidii, kama mtu anayepapasa sindano kwenye jamvi. "Nadhani nilimpenda sana," alisema.

Mtoto alisukuma sahani. "Niambieni."

*

"Mwanafunzi wangu!" Raya alirudi nyuma hadi kwenye ukuta wa kituo. "Siku, una wazimu? Huyu ni mtoto."

"Ndiye peke yake mwenye masikio."

"Sitamfanyia hivyo. Afadhali mnifunge. Nichome mimi, tumalize."

"Nitakuchoma," alisema Sikudhani. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Sikunyimi. Lakini ukishachomwa wewe utapumzika na sisi tutaendelea kuvua viatu. Kwanza umwambie. Wewe ni mwalimu, Raya. Mfundishe."

Hakusema Bi. Wote wawili walilisikia pengo hilo, na Sikudhani mwenyewe alisubiri aone kama litamuuma. Halikumuuma. Raya aliketi kitandani polepole, akamwita Mashavu akae karibu yake.

Alichosikia Sikudhani kilikuwa mvua juu ya bati. Alichosikia Mashavu ni hiki.

"Hapo nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mtambo wa kukamulia miwa, na mashamba ya miwa hadi mtoni. Babu zangu ndio waliokuwa wenye mashamba. Waliofanya kazi walikuwa watu walionunuliwa. Walinunuliwa, Mashavu, kama unavyonunua mbuzi. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyeletwa kutoka upande wa Nyasa. Kwao aliitwa Nambewe. Nyumbani kwetu walimpa jina la Feruzi, kwa sababu waliwapa watu majina ya mapambo. Hilo jina la mwisho la mama yako, limetoka hapo."

"Nambewe," alirudia Mashavu.

"Watumwa hawakuruhusiwa kuvaa viatu. Ilikuwa alama, ukimwona mtu pekupeku unajua ni wa nani. Nambewe alikuwa ametembea kutoka Nyasa kwa miguu, nyayo zake zilikuwa vidonda. Alipata vipande vya ngozi, akajishonea makubadhi. Siku moja akayavaa akapita kwenye kona ya nyumba yetu, chini ya dirisha. Bibi wa nyumba alikuwa dirishani. Bibi mzaa bibi yake mama yangu. Aliamuru wamkamate. Mtambo ulikuwa unachemsha maji ya miwa, yamekuwa asali nzito, yanatokota. Waliwaita watu wote wa Mtaa wa Chini waje watazame." Raya aliitazama miguu ya mtoto. "Wakammiminia nyayoni."

Mashavu alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Hakufa. Binti yake alimpaka mafuta ya nazi kila jioni, lakini nyayo hazikupona, hakusimama tena. Watu wa Mtaa wa Chini tangu siku hiyo wakifika kwenye kona wanavua viatu. Na Nambewe... Alipopata nguvu alitoka kwa magoti, anatambaa. Yale makubadhi aliyavaa mikononi. Akapita nayo chini ya dirisha, pap, pap, pap, mawe yanalia. Kesho yake akapita tena. Kila siku, mpaka bibi wa nyumba alipofunga lile dirisha asisikie. Halijafunguliwa hadi leo. Mama alinikataza tangu utoto nisiliguse, nami sikujua kwa nini."

Mashavu alilia kimya kwanza, kisha kwa sauti, kisha kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika ndani ya kituo kile. Raya alimkumbatia, akisema, "Nisamehe, mwanangu, nisamehe," na Mashavu hakumsukuma, wala hakumjibu.

Sikudhani alisimama kando. Mvua kwenye bati ilikuwa imekatika, na mwanawe alikuwa amebadilika sura. Alitaka kumwendea. Hakujua angemwambia nini, kwa hiyo alimletea maji kwenye kikombe.

"Sasa mimi," alisema Raya. Alikwisha kulala na kufumba macho.

Pengine mtu mwingine angetumaini kwamba baada ya kusema, Mwalimu Raya angekataa dawa, akabaki nalo, wakalibeba wawili, mkubwa na mdogo. Sikudhani alingoja kidogo, kwa ajili hiyo. Raya aliinua nywele zake mwenyewe, akakitoa kisogo.

"Usimchome, Mama," alisema Mashavu. "Nitabaki na nani?"

"Nilimpa ahadi."

Alichoma. Kwenye kioo fundo jekundu lilififia likawa waridi, kisha kijivu, kisha hata mahali pake hapakuonekana. Fundo la watu wa Mtaa wa Juu halikuwa gumu. Liliondoka lote, halikuacha hata kovu.

Raya alizinduka akajinyoosha, akavaa mtandio wake vizuri, akatabasamu. Macho yake yalikuwa makavu na mema. Alimwona Mashavu pembeni, uso umevimba, akamgusa shavu.

"Ee, mbona unalia, mwanangu? Nani amekuchokoza?"

Mashavu alimtazama.

"Watoto!" alisema Raya, akacheka. "Asante, Siku. Nimelala vizuri kweli. Hebu kesho mje mnisaidie kuosha yale masufuria ya shughuli, yamenishinda."

"Tutakuja, Bi Raya," alisema Sikudhani kabla hajafikiri.

*

Njia ya kurudi nyumbani ilipita kwenye kona. Wazee walikuwa wamekaa kibarazani upande wa pili wakicheza bao, na kibao cha shaba kilikuwa kinang'aa kwa jua la jioni. Mashavu alikwenda mbele. Alipofika chini ya dirisha lililofungwa hakuinama. Alipita na kandambili zake, akizikanyagisha chini kwa nguvu, pap, pap, pap, na mzee mmoja akashika kete hewani asijue aiweke wapi.

Mashavu alivuka, akageuka nyuma. Mama yake alikuwa amesimama upande ule, pekupeku, kandambili mkononi. Hakukumbuka kuzivua.

"Mama, vaa."

"Ninavaa," alisema Sikudhani. Lakini mkono haukushuka. Aliuamuru ushuke, nao ulikaa palepale, na jasho likamtoka kwenye mgongo. Hakuogopa kitu. Ni miguu iliyokuwa inaogopa, miguu peke yake, ikitetemeka chini yake kama ya mtu mwingine.

Mashavu alirudi. Alichukua zile kandambili mkononi mwa mama yake, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya wazee wote.

"Inua mguu."

Sikudhani aliinua.

"Na huu."

Kisha alimshika mkono, wakapita pamoja chini ya dirisha, hatua kwa hatua, kama anayemfundisha mtoto kutembea. Hakuna mzee aliyejua kosa ni lipi, ingawa kila mmoja alihisi kwamba kuna kosa limefanyika. Walipofika ng'ambo Sikudhani alisimama, akatazama chini, akainua mguu mmoja, kisha wa pili.

"Mashavu, ardhi hii ina moto?"

"Hapana, Mama."

"Mbona nyayo zinaniunguza?"

Msichana alimtazama mama yake. Jibu alikuwa nalo, lote, na kulisema kusingekuwa na faida, lingekuwa mvua juu ya bati. Machozi yalimjia upya, akayafuta kwa kiganja chenye vumbi.

"Twende nyumbani, Mama," alisema. "Nitakupaka mafuta ya nazi."